Maji Yalipoingia Kwenye Mafuta

Siagi iliyosukwasukwa kibuyuni ina maji ndani yake, na maji hayo yakipata moto hupiga kelele. Kwa vizazi vingi wanawake wa Nyanza Kusini, huko Karachuonyo, Gwassi, Kanyamkago na Bukuria, waliopika samli waliitumia sauti hiyo kama kipimo. Chungu kikiendelea kuchatachata, kazi haijaisha. Kikinyamaza, povu likapungua na mabaki ya maziwa yakatuama chini yakiwa ya hudhurungi, mafuta yalienguliwa, yakapozwa na kutiwa katika chombo kikavu. Siagi ya kawaida huwa na maji yapatayo asilimia 16. Samli iliyopikwa sawasawa haibaki hata na asilimia 1. Ndiyo maana siagi mbichi kwenye joto la kandokando ya Ziwa Victoria huanza kunuka baada ya siku chache, ilhali samli hukaa miezi.

Samli hiyo haikuishia jikoni. Ilipakwa watoto wachanga, ikapakwa miguu iliyopasuka kwa jua na vumbi, ikatiwa nywele. Katika jamii nyingi za ukanda huu ilichanganywa na udongo mwekundu na kupakwa mwilini siku za sherehe. Pamoja nayo yalikuwapo mafuta ya simsim na mafuta ya nyonyo. Nyonyo ilidai subira zaidi: mbegu zilikaangwa, zikatwangwa, zikachemshwa majini hadi mafuta yakaelea juu, kisha mafuta hayo yakaenguliwa na kupikwa tena peke yake mpaka maji yote yaliyoshikamana nayo yakaisha. Moto huo ulikuwa na faida mbili, kwa maana uliyakausha mafuta na pia kuivunja sumu kali iliyomo katika mbegu ya nyonyo.

Wajaluo walikuja Nyanza wakitoka kaskazini, kupitia nchi ambayo leo ni Sudan Kusini na Uganda, na huko ndiko unakomea mti wa shea ambao hadi sasa wanawake wa Acholi na Lango hukamua siagi yake kwa ajili ya chakula na ngozi. Mti huo hauoti kandokando ya Ghuba ya Winam. Walichokipata huku ni malisho ya ng'ombe na ardhi inayokubali simsim. Mafuta yalibadilika, lakini kanuni ya kuyatunza ilibaki ileile: toa maji, funga chombo.

Kanuni hiyo ina sababu ya kisayansi. Bakteria na ukungu huishi majini, na wakikosa maji hawazaani hata wakizungukwa na chakula cha kila aina. Mafuta makavu yanaweza kuchacha kwa kuungana na hewa, yakatoa harufu mbaya, lakini hayageuki kuwa kitalu cha vijidudu. Watu wa ziwani walifanya vivyo hivyo kwa samaki. Omena huanikwa juani wakakauka, na mvua ikinyesha siku mbili mfululizo mzigo mzima unaharibika. Mbuta alipopandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, wachuuzi waligundua upesi kwamba mwili wake una mafuta mengi mno kuweza kukaushwa na jua peke yake. Wakamkaanga, wakamfukiza moshi.

Pwani nako walifika palepale kwa njia nyingine. Singo, ule mchanganyiko wa viungo na maua anaosuguliwa bibi harusi, husagwa ukawekwa ukiwa mkavu, na marashi ya waridi hutiwa siku ya kuutumia tu. Liwa husagwa juu ya jiwe kwa maji kidogo saa ileile inapotakiwa. Hina hukandwa ikapakwa, na inayobaki hutupwa. Kendu Bay, bandari ndogo ya Homa Bay yenye Waislamu na msikiti tangu zamani, iliyajua mapambo ya aina hii miaka mingi kabla ya duka la kwanza la vipodozi kufunguliwa Migori.

Basi inafaa kulisema wazi jambo hili, kwa sababu mara nyingi husemwa kinyume chake: vipodozi vya asili vya Nyanza Kusini havikuhitaji kihifadhi kwa kuwa vilitengenezwa bila maji, au vilitiwa maji dakika ya mwisho. Si uasili wake uliovilinda.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli za ziwani zikaanza kuleta bidhaa Kendu Bay, Homa Bay na Karungu. Mwezi Novemba 1906 Waadventista Wasabato wakiongozwa na Arthur Carscallen walifungua misheni yao Gendia, kilomita chache kutoka Kendu Bay. Shule za misheni zilitaka mwanafunzi anayeoga kwa sabuni na kuvaa nguo, na udongo mwekundu haupatani na shati jeupe. Serikali ya kikoloni nayo iligawa mbegu za simsim na pamba, na mafuta yaliyokuwa ya nyumbani yakaanza kutazamwa kama zao la kuuzwa.

Vitu vilivyoingia badala yake havikuleta hatari ya kuoza. Sabuni ya mche ina ukali wa magadi unaowashinda vijidudu wengi. Vaseline, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1872 kwa jina la Robert Chesebrough, haina tone la maji. Hata Arimis, jeli iliyotengenezwa Kenya kwa ajili ya chuchu za ng'ombe wa maziwa ikaishia kupakwa usoni na miguuni na nusu ya nchi, ni mafuta matupu. Mkebe wa jeli ulikaa dirishani miaka miwili, ukachovywa vidole na watoto wote wa boma, usiote ukungu. Kwa miongo mingi, basi, mabadiliko yalikuwa ya dukani tu. Mtu aliyezoea samli alihamia Vaseline bila kulazimika kujifunza jambo lolote jipya kuhusu utunzaji.

Losheni ndiyo iliyobadilisha mambo.

Losheni ni maji. Mara nyingi asilimia 60 hadi 80 ya chupa ni maji, yaliyofungamanishwa na mafuta kidogo kwa msaada wa kiunganishi ili visitengane. Krimu, shampuu, kondishina, dawa za kulainisha nywele za mtindo wa curly kit uliopamba saluni za Kenya katika miaka ya 1980, vyote hivyo vina maji kwa wingi. Mwenye kiwanda alijua kwamba mchanganyiko wa maji, mafuta na joto ni karamu ya bakteria, hivyo alitia kihifadhi. Wajerumani walianza kuzitumia parabeni kwa kazi hiyo katika miaka ya 1920. Fenoksiethanoli ilifuata baadaye. Kiasi cha kihifadhi ni kidogo sana, chini ya asilimia 1 mara nyingi, hakina rangi, na jina lake huandikwa karibu na mwisho wa orodha ya viambato kwa herufi ndogo kabisa. Mnunuzi wa Oyugis au Rongo aliona weupe wa losheni, akasikia harufu yake, akapenda jinsi inavyoingia ngozini bila kunata. Kihifadhi hakukiona.

Viwanda vyenyewe vilijifunza kwa maumivu. Katikati ya miaka ya 1960 wachunguzi wa Uswidi, akiwamo Lars Olof Kallings, walifuatilia maambukizi ya macho hadi kwenye mafuta ya dawa yaliyokuwa na bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa. Miaka ya 1970 madaktari wa Marekani waliwakuta wanawake wenye vidonda machoni, vilivyotokana na wanja wa kope uliochafuka baada ya kufunguliwa na kutumiwa. Bakteria huyo hupenda maji, huishi kwenye mabomba na ndoo, na anaweza kujaa katika losheni inayoonekana na kunukia vizuri kabisa. Hapo ndipo penye hatari. Ukungu mweusi unamtisha mtu akatupa chupa. Pseudomonas hamtishi mtu.

Hata hivyo, watu wa Migori na Homa Bay wana sababu nzito ya kulichukia neno kemikali, na sababu hiyo haina budi kusimuliwa kwa haki. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi, R. D. Barr na wenzake, walichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza habari za wagonjwa watu wazima 60 waliovimba miili kwa sababu figo zao zilikuwa zikipoteza protini. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kujichubua zenye zebaki. Karibu miaka 30 baadaye, Masazumi Harada, daktari Mjapani aliyetumia maisha yake kuwachunguza wahanga wa zebaki wa Minamata, alikuja Ziwa Victoria na wenzake. Walipima nywele za wachimba dhahabu, wavuvi na wakazi wa upande wa Kenya. Mtu angetarajia wachimba dhahabu ndio waongoze, maana Migori ina mkanda wa dhahabu unaochimbwa kwa mikono, kuanzia Macalder hadi Osiri, na zebaki ndiyo inayokamata chembe za dhahabu kwenye karai. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2001, ulionyesha kuwa viwango vya kutisha zaidi vilitoka kwa watu waliokuwa wakioga kwa sabuni ya kujichubua iliyotengenezwa Ulaya.

Zebaki imewahi pia kuwa kihifadhi. Michanganyiko yake ilitiwa katika vipodozi vya macho kwa miongo kadhaa, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, uliopiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, uliacha mwanya kwa vipodozi vya macho ambavyo havikuwa na kihifadhi kingine salama. Kwa hiyo mama wa Nyatike anayesema hataki kemikali ngozini hasemi upuuzi. Kemikali zimewahi kumdhuru yeye na jirani yake. Kosa lililofuata ni kuvitia vitu vyote katika kapu moja, zebaki na haidrokwinoni ya krimu za kujichubua pamoja na ile chembe ya kihifadhi inayozuia losheni isioze.

Katika hali hiyo ndipo utengenezaji wa nyumbani ulipostawi. Vikundi vya akina mama na vijana vimekuwa shule kubwa ya ufundi huu Nyanza Kusini, hasa tangu UKIMWI ulipoacha wajane na mayatima wengi na watu wakatafuta kipato cha haraka. Somo la kwanza huwa karibu kila mara ni sabuni ya maji. Mahitaji yake yanajulikana na kila mwenye duka la kemikali Kisumu: Ungerol na Ufacid za kutoa povu, soda, chumvi ya viwandani, rangi, manukato, na kachupa ka fomalini. Hukorogwa kwa mwiko mrefu ndani ya ndoo au pipa la plastiki, povu huachwa litulie usiku kucha, kisha sabuni humiminwa kwenye madumu ya lita 20 na chupa za soda zilizooshwa. Mwaka 2020, korona ilipoingia na kila kibanda kikatakiwa kuwa na mahali pa kunawia mikono, biashara hiyo ilipanuka kuliko wakati wowote.

Fomalini katika orodha hiyo ndiyo kihifadhi. Ni dawa ileile ya chumba cha maiti. Inaua vijidudu vizuri na bei yake ni nafuu, lakini mvuke wake huchoma macho na koo la anayekoroga, huleta mzio wa ngozi, na tangu 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka miongoni mwa vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Umoja wa Ulaya haukubali tena iwekwe katika vipodozi. Maelekezo ya darasani mara nyingi huipima kwa vifuniko vya chupa. Aliyejifunza sabuni ya maji kwa njia hii, akapiga hatua kwenda kwenye shampuu na losheni, huenda nayo fomalini hiyo hiyo, au huiacha kabisa kwa kuiogopa na asiweke chochote mahali pake. Hali zote mbili ni mbaya.

Wapo walioanzia ndoo wakafika mbali. Paul Kinuthia alianza mwaka 1995 Nairobi kwa kutengeneza shampuu na kuzipeleka saluni, kwa mtaji ulioripotiwa mara nyingi kuwa shilingi 3,000. Kampuni yake, Interconsumer Products, ikazaa Nice & Lovely, na mwaka 2013 biashara hiyo ya urembo ikanunuliwa na L'Oréal ya Ufaransa. Chupa za Nice & Lovely zimejaa maduka ya Awendo na Mbita. Kati ya ndoo na rafu ya duka kuu kuna maabara, vipimo vya bakteria na kihifadhi kilichopimwa kwa gramu, na sehemu hiyo ya hadithi husimuliwa kidogo kuliko ile ya shilingi 3,000.

Wimbi la nywele za asili katika miaka ya 2010 lilileta kizazi kingine cha wachanganyaji. Wasichana walioacha dawa za kunyoosha nywele walirudi kwenye shubiri, maji ya mchele, ute wa mbegu za kitani na glisirini, wakivichanganya katika chupa za kupulizia. Wengi waliuza walichobakisha, na kibandiko kikaandikwa kwamba hakina kemikali. Shubiri inaheshimika sana huku. Hupakwa kwenye vidonda vya moto, na majani yake hukatwakatwa katika maji ya kuku wanaougua. Serikali iliithamini kiasi cha kupiga marufuku uvunaji wa shubiri mwitu kwa amri ya rais mwaka 1986, kisha ikatunga kanuni maalum mwaka 2007. Ila ute wa jani hilo ni maji kwa takriban asilimia 99, pamoja na sukari chache ambazo bakteria wanazipenda. Ukishatoka ndani ya ganda lake, una siku chache tu, hata kwenye friji. Maji ya mchele ni mabaya zaidi, maana yamejaa wanga.

Wauzaji waangalifu walipotafuta kinga ya asili walipewa vitu visivyoweza kazi. Vitamini E huzuia mafuta yasichache, lakini haiwagusi bakteria. Mafuta ya mchaichai au mrosmari yananukia kwa kipimo ambacho hakitoshi kuua, na yakizidishwa huchoma ngozi. Kisa cha mbegu za balungi kinasikitisha zaidi. Dondoo lake liliuzwa dunia nzima kama kihifadhi cha asili. Mwaka 1999 wanasayansi wa Greifswald, Ujerumani, walipima sampuli sita za madukani na kukuta tano zina kemikali ya viwandani ya kuua vijidudu, benzethoniamu kloridi. Ile ya sita, iliyokuwa safi, haikuua chochote.

Hofu ya parabeni nayo ina historia yake. Ilishika kasi mwaka 2004 baada ya Philippa Darbre wa Chuo Kikuu cha Reading kuzipata katika sampuli 20 za uvimbe wa matiti. Utafiti huo haukuonyesha kwamba ndizo zilizosababisha uvimbe, lakini habari ilishatoka. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku parabeni tano mwaka 2014 na kuziruhusu zile za kawaida kwa viwango maalum. Kampuni zilizozikimbia zote zilihamia kwa wingi kwenye kihifadhi kingine, methylisothiazolinone, na mzio wa ngozi ukaongezeka Ulaya kiasi kwamba mwaka 2016 nacho kikazuiwa katika bidhaa zinazobaki mwilini. Waliotafuta usalama walipata vipele.

Homa Bay ina funzo lake, na lilitokea kwenye mtungi wa maji ya kunywa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la CARE, likishirikiana na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, lilianza kuhimiza vijiji vya eneo hilo kutibu maji kwa klorini nyumbani. Kipindupindu na kuhara vilikuwa wageni wa kila msimu. Wataalamu walitaka maji yahifadhiwe kwenye vyombo vya plastiki vyenye mdomo mwembamba. Wanakijiji walipenda vyungu vyao vya udongo kwa sababu hupoza maji. Shida ya chungu ni mdomo mpana: kila anayechota hutumbukiza kikombe na vidole, na maji yaliyokuwa safi asubuhi huwa machafu jioni. Wafinyanzi, ambao ni wanawake, waliombwa wafinyange chungu kipya chenye mdomo mwembamba, kifuniko na bomba. Walikifinyanga, na watu wakakinunua. Philip Makutsa na wenzake waliieleza kazi hiyo katika jarida la afya ya umma la Marekani mwaka 2001, na miaka miwili baadaye klorini ya WaterGuard ikaanza kuuzwa madukani kote nchini.

Mradi huo ulitenganisha mambo mawili ambayo watengenezaji wa losheni huyachanganya. Kuchemsha maji husafisha yaliyopo sasa. Hakuyalindi na mkono utakaoingia kesho. Klorini inayobaki majini ndiyo inayolinda, na chombo kisichoruhusu vidole kinaisaidia. Losheni iliyotengenezwa kwa maji yaliyochemshwa na vyombo vilivyokaushwa juani bado itakutana na kidole cha mtumiaji mara mbili kwa siku, ndani ya chumba chenye mvuke wa maji ya kuoga. Familia nyingi za Homa Bay zinajua hili kuhusu maji ya kunywa, na zingelielewa mara moja kuhusu krimu kama kuna mtu angelifundisha pamoja na somo la sabuni.

Sheria haijakosekana. Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lilianzishwa mwaka 1974 na linatoa alama ya ubora hata kwa wazalishaji wadogo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango cha EAS 377 cha mwaka 2013, ambacho sehemu yake ya nne ni orodha nzima ya vihifadhi vinavyokubalika katika vipodozi. Kinachokosekana ni vitu vidogo. Duka la kemikali lina Ungerol kwa lita na fomalini kwa chupa, lakini fenoksiethanoli, sodiamu benzoeti au potasiamu sorbeti kwa kiasi anachohitaji mtu mmoja ni vigumu kuvipata nje ya miji mikubwa. Sodiamu benzoeti haifanyi kazi vizuri losheni isipokuwa na uchachu wa kutosha, pH 5 au chini yake, na vipande vya karatasi vya kupimia pH havimo katika vifaa vya darasani.

Kisha kuna mizani. Kikomo cha Ulaya cha fenoksiethanoli ni asilimia 1, yaani gramu 5 katika nusu kilo ya losheni. Mizani ya sokoni ya kupimia omena na sukari haiwezi kuzitambua gramu 5. Mizani ndogo ya kidijitali kama ile ya wanunuzi wa dhahabu wa Osiri na Masara huzitambua bila shida, na ipo tayari ndani ya kaunti ya Migori.

Baadhi ya vikundi huamua kuachana na maji kabisa: jeli, samli, mafuta ya nyonyo na simsim yaliyopikwa mpaka yakanyamaza, shea kutoka Uganda iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye vikopo vikavu. Bidhaa hizo zinaweza kuandikwa kwa haki kwamba hazina kihifadhi, na mteja akazitumia mwaka mzima. Anayetaka kuuza losheni au ute wa shubiri anahitaji kihifadhi kutoka kwenye orodha ya EAS 377, mizani ya gramu, chupa mpya yenye pampu badala ya kopo la kuchovya, na tarehe ya kutengenezwa iliyoandikwa kwa wino usiofutika.